Mboga za majani, maji ya beseni na homa iliyotulaza wawili

Mwezi Februari 2023 wauguzi walikuja katika shule ninayofundisha, hapa Dar es Salaam, kuwapima walimu shinikizo la damu na sukari. Nilikuwa na umri wa miaka 47, sijawahi kulazwa hospitali hata usiku mmoja, na nilikaa kwenye kile kiti bila wasiwasi wowote. Mashine ikasoma 162 kwa 104. Muuguzi alinipumzisha robo saa, akapima mkono wa pili, akapata karibu kile kile. Wiki iliyofuata daktari aliniandikia dawa ya kumeza kila siku, kisha akanipeleka kwa afisa lishe, mama mtu mzima mwenye subira, ambaye swali lake la kwanza lilikuwa jepesi kabisa.

"Mwalimu, mboga unakula?"

"Kila siku, mama," nilimjibu bila kusita.

Sikuwa nimemdanganya. Nyumbani kwetu, kama katika nyumba nyingi, mboga ni chochote kinacholiwa na ugali au wali: nyama ni mboga, dagaa ni mboga, maharage ni mboga, na ndiyo maana familia yenye uwezo huitwa ya mboga saba. Aliponitaka nitaje nilichokula siku tatu zilizopita, nilitaja nyama ya kukaanga, samaki, maharage, chipsi mayai ya jioni moja, na kabichi vijiko viwili vilivyokuwa pembeni mwa sahani. Aliweka kalamu chini akaniambia kwamba mboga za majani nilizokula katika siku zile tatu ni hivyo vijiko viwili tu. Niliona aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia watoto wangu kwamba mchicha ni chakula cha mwisho wa mwezi.

Alinieleza kwamba Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na kwamba viazi, mihogo na jamii yake havihesabiwi humo kwa kuwa ni vyakula vya wanga. Chumvi yote ya siku nzima, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na vidonge vya kuungia mchuzi, isizidi gramu 5, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Niliporudi nyumbani niliazima mizani ya duka la jirani na kupima fungu la mchicha la shilingi 500. Lilipokwisha kuchambuliwa na kuondolewa mizizi na mashina magumu, lilibaki na gramu 180. Sisi ni watu watano na fungu lile ndilo tuliloligawana, kwa hiyo kila mmoja alikuwa akipata gramu 36. Namshauri kila mtu apime angalau mara moja, maana jicho hudanganywa na wingi wa majani mabichi.

Nilianza kwa pupa, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Kwa tumbo lililozoea ugali na nyama, nilipakia kabichi, karoti mbichi na mchicha katika kila mlo kuanzia siku ile ile, na kwa wiki nzima tumbo lilijaa gesi na kuniuma hata nikashindwa kusimama darasani vipindi viwili mfululizo. Nyuzinyuzi za mboga zina faida kubwa, lakini utumbo unahitaji muda wa kuzizoea na maji ya kunywa ya kutosha. Ningeongeza nusu kikombe kwa wiki, nisingepata taabu ile.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Katika simu yangu zilikuwa zikizunguka video za watu wanaosaga majani mabichi na kunywa asubuhi, wakisema kwamba mboga ikiguswa na moto tu inakufa. Nilinunua brenda kwa shilingi 85,000, na kuanzia mwanzoni mwa Machi nikawa nasaga mchicha mbichi, tango, tangawizi na kipande cha nanasi, kwa maji ya bomba ambayo hayajachemshwa. Nilikunywa glasi kubwa kila alfajiri. Binti yangu wa mwisho, aliyekuwa darasa la tatu, hakuipenda rangi yake, lakini nilimbembeleza kwa nanasi mpaka akaizoea, na nilijisikia baba mwema sana kila alipomaliza glasi yake.

Majani yenyewe nilikuwa nayafuata jioni kwenye bustani za bonde la Mto Msimbazi, si mbali na tunapoishi Tabata. Bei ilikuwa nafuu kuliko gengeni, na mkulima aling'oa mchicha mbele ya macho yangu, ukiwa na umande wa maji aliyokuwa amemwagilia dakika chache kabla. Nilichokiangalia ni ubichi wa jani. Sikujiuliza maji ya kumwagilia yalitoka wapi, ingawa ndoo ilichotwa mtoni mbele yangu, kwenye mto ambao kila mkazi wa eneo lile anajua unapokea maji machafu ya mji, na ambao wakati wa masika hufurika na kubeba hata yaliyomo kwenye vyoo vya mashimo.

Nyumbani uoshaji wetu ulikuwa wa namna moja. Mafungu yote yalitiwa kwenye beseni moja, maji yakamiminwa mara moja, chumvi ya kiganja ikanyunyizwa, majani yakazungushwa kwa mkono kisha maji yakamwagwa. Mara nyingine mboga ilikatwa kwanza ndipo ikaoshwa. Kibao cha kukatia kilikuwa kimoja kwa kuku na kwa nyanya za kachumbari. Siku mbili tatu niliona mchicha una vumbi jingi nikaweka sabuni ya kuoshea vyombo, nikidhani ninazidisha usafi. Hakuna hata mmoja kati yetu, mimi na mke wangu tuliosoma biolojia, aliyesimama kufikiri.

Katikati ya Aprili nilifanya jambo jingine ambalo naliandika kwa sababu najua wengi wanalifanya kimya kimya. Mashine ya kupimia ilipoonyesha 140 kwa 90 niliamua kwamba juisi imeniponya, nikaacha dawa za shinikizo bila kumwambia daktari. Nilikaa hivyo wiki tatu.

Tarehe 3 Mei binti yangu alirudi kutoka shule akiwa na homa na maumivu ya kichwa. Nilimnunulia dawa ya mseto duka la dawa bila kumpima malaria, nikamwambia mama yake asiwe na hofu. Homa haikushuka, kila jioni ilipanda kuliko ya jana, mtoto akakataa chakula, akashika tumbo. Siku ya nne tulimpeleka zahanati, kipimo cha malaria kikaonyesha hana, tukapewa dawa nyingine ya siku tano. Siku ya saba alishindwa kuinuka kitandani, na mimi mwenyewe asubuhi ile nilianza kutetemeka. Tulichukua teksi kwenda hospitali sote wawili, mke wangu akiwa katikati yetu ametushika mikono.

Hospitali walichukua damu ya kuotesha vimelea maabara. Majibu yalichukua siku kadhaa, lakini daktari alianza tiba kwa kuzingatia dalili, na majibu yalipokuja yakathibitisha kwamba wote wawili tulikuwa na homa ya matumbo, ile tunayoiita taifodi. Shinikizo langu lilikuwa 178 kwa 110. Daktari alinikalisha akaniuliza tulikuwa tumekula na kunywa nini katika majuma matatu yaliyopita, kwa kuwa vimelea vya taifodi huweza kukaa mwilini kuanzia siku 6 hadi 30 kabla ya homa kuanza. Nilipomtajia juisi aliuliza majani yanatoka wapi. Nilipomtajia bustani za mtoni alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni nani mwingine nyumbani anayeinywa. Waliokuwa wakiinywa ni wawili tu, na hao wawili ndio waliokuwa mbele yake.

Alinieleza taratibu, bila kunikaripia, kwamba bakteria wa taifodi hutoka kwenye kinyesi cha mtu aliyeambukizwa, wakaingia kwenye maji, na kutoka kwenye maji wakaja kwenye jani, kwenye mkono au kwenye kikombe. Mchicha ule ule ungepikwa hadi uchemke, bakteria wale wangekufa. Mimi nilikuwa nimeuondolea moto, ambao ndio kinga pekee uliyokuwa nayo, kisha nikausaga na maji ambayo nayo sikuyachemsha.

Binti yangu alilazwa siku sita. Nafundisha shule ya binafsi na wakati ule hatukuwa na bima, kwa hiyo vitanda, vipimo, sindano na dawa zetu sote viligharimu shilingi 614,000, mbali na teksi na chakula cha hospitali. Nilikopa 400,000 kwenye chama cha akiba cha walimu na kuzilipa kwa miezi minane. Fedha zilirudi. Usiku ambao sijausahau ni ule wa pili wodini, mtoto alipoamka akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, nikipona nitakunywa tena ile juisi?" Alikuwa anauliza kwa utii, tayari kuinywa kama ningesema ndiyo. Nilitoka nje ya wodi nikalia.

Tuliporudi nyumbani brenda ilifungiwa kabatini na mboga za majani zikatoweka mezani. Kwa miezi miwili tulirudi kwenye nyama, maharage na viazi, na kila nilipoona fungu la mchicha nilihisi kichefuchefu. Mwezi Julai afisa lishe aliniita kwa ajili ya ufuatiliaji. Nilipomwambia tumeacha majani kabisa, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mchicha haukukukosea kitu. Nenda kaniletee beseni lako hapa ofisini." Nilidhani anatania, lakini hakuwa anatania. Siku iliyofuata nilikwenda na beseni, ndoo, kibao na fungu la mchicha, naye akatumia saa nzima kunionyesha kile ambacho sasa tunakifanya kila siku.

Kazi huanza kwenye mikono, kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 hivi, na kwenye beseni lenyewe, ambalo kwetu lilikuwa likifulia soksi Jumamosi. Beseni la mboga sasa ni la mboga tu. Kisha mboga huchambuliwa kabla ya kuguswa na maji: majani yaliyooza au kutoboka huondolewa, mizizi yenye udongo hukatwa, na kabichi huvuliwa majani mawili matatu ya nje. Baada ya hapo majani huzamishwa kwenye maji mengi na kutikiswa ili mchanga ushuke chini, halafu yananyanyuliwa kwa mikono na kuwekwa kwenye chujio. Hapa ndipo tulipokuwa tukikosea bila kujua: tulimwaga maji yakiwa na majani yake, na mchanga wote uliokuwa umetua chini ukarudi juu ya mboga. Maji hubadilishwa na zoezi hurudiwa mpaka chini ya beseni pasionekane hata punje moja.

Hatua ya mwisho ni maji yanayotiririka, na ndiyo yenye nguvu kuliko kuloweka, kwa sababu yanachukua uchafu na kuondoka nao badala ya kuuzungusha kutoka jani moja hadi lingine. Nyumba isiyo na bomba la ndani haina haja ya kukata tamaa. Sisi tulinunua ndoo ya plastiki yenye koki kwa shilingi 15,000, tunaiweka juu ya stuli, na chini yake tunapitisha majani machache machache, pande zote mbili. Kabla ya kupata ndoo ile, mmoja alimimina kwa jagi na mwingine alishika mboga. Vitu vigumu kama karoti, tango, viazi na tikiti husuguliwa kwa brashi iliyotengwa kwa kazi hiyo. Hata tunda litakalomenywa huoshwa kwanza, awe ni nanasi, embe, parachichi au chungwa, kwa maana kisu kikipita kwenye ganda chafu kinaingiza uchafu ndani ya nyama ya tunda.

Kukata kunakuja mwisho kabisa, baada ya kuosha. Mboga iliyokatwa ina vidonda vingi ambavyo uchafu wa maji huingilia, na vitamini C pamoja na vitamini nyingine zinazoyeyuka katika maji hupotelea hapo hapo. Kwa sababu hiyo tumeacha kununua sukuma wiki na kabichi zinazokatwa gengeni na kufungwa kwenye mifuko, ingawa zinaokoa muda wa mtu anayerudi kazini saa moja usiku, na ninaelewa kabisa kwa nini watu wanazinunua. Vibao sasa ni viwili. Cha nyama kina alama ya rangi nyekundu tuliyoipaka wenyewe.

Niliuliza kuhusu chumvi, siki na sabuni, kwa kuwa kila jirani ana imani yake. Chumvi na siki hupunguza baadhi ya vijidudu na kuwafanya wadudu wadogo waachie majani, lakini haziwaui wote, na mtu akizitegemea anajipa moyo wa bure. Limau la kwenye kachumbari nalo ni hivyo hivyo. Sabuni ya vyombo na ya kufulia haifai hata kidogo: mboga na matunda vina vinyweleo na vitundu vinavyoinyonya, na suuza yoyote haiondoi yote. Anayetaka kula kitu kibichi atumie maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kuachwa nusu saa. Nilifurahi aliponitahadharisha kwamba dawa hizo za klorini haziwezi vizuri mayai ya minyoo na amiba, kwa hiyo kwa majani ya mahali usipopajua, moto unabaki kuwa jibu.

Tulikubaliana na mke wangu juu ya kanuni moja ambayo haina majadiliano nyumbani kwetu: majani hayaliwi mabichi. Kinacholiwa kibichi ni kile kinachoweza kusuguliwa au kumenywa, yaani tango, karoti, nyanya na hoho, na kachumbari hutengenezwa wakati wa kula, isikae mezani zaidi ya saa mbili. Najua wako watu wanaokula majani mabichi miaka na miaka bila tatizo, kwa kuwa wana maji salama na wanajua shamba lilipo. Sisi hatukuwa na kimoja wala kingine.

Yapo mambo ambayo kuosha hakuyafikii, na haya yalinisikitisha zaidi kuliko yote, maana nilikuwa nikidhani maji ya kutosha yanasafisha kila kitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi ulipima ndani yake madini mazito kama risasi na kadmiamu, yanayotokana na maji taka na moshi wa mji. Mmea unaponyonya madini hayo kwa mizizi, yanakuwa sehemu ya jani lenyewe. Hayatoki kwa brashi, kwa siki wala kwa kuchemsha. Dawa za kuulia wadudu nazo, zile zilizobaki juu ya ganda hupungua kwa maji yanayotiririka na kwa kumenya, lakini zilizoingia ndani ya mmea zinabaki. Njia iliyobaki ni kuuliza mboga imetoka wapi kabla ya kulipa. Sikuwahi kumuuliza mtu swali hilo maishani mwangu. Sasa namuuliza kila muuzaji, kwa upole, na nimegundua kwamba wengi wanajua na hawachukii kusema: hii kabichi ni ya Lushoto, karoti hizi zimeshuka kutoka Mgeta, huu mchicha ni wa hapa hapa bondeni.

Tulianza pia kupanda mchicha wetu kwenye viroba vinane ukutani, tukimwagilia maji yale yaliyooshea mboga, ili ndoo tatu za kuosha zisiende bure. Huwa tayari kuvunwa baada ya wiki tatu hadi nne. Samadi tunayotumia ni ile iliyooza kabisa. Mbolea mbichi ya kuku ingeturudisha kule kule tulikotoka.

Upande wa mapishi tuliokolewa na mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka Lushoto mwezi Septemba na kukaa nasi wiki tano. Aliona jinsi tunavyochemsha mchicha nusu saa, tunamwaga maji yake ya kijani, kisha tunaukaanga kwa mafuta mengi na kidonge cha mchuzi, akasema, "Mwanangu, hapa mnakula makapi." Yeye huweka kitunguu, nyanya na mafuta kidogo, majani yanafuata bila maji ya ziada, dakika tano yanaiva yakiwa bado na rangi yake, na maji yaliyojitoa hayamwagwi. Mafuta kidogo au tui husaidia mwili kupata vitamini A kutokana na majani, na nyanya au limau husaidia madini ya chuma yapokelewe vizuri zaidi, wakati chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Mama alitufundisha tena mnafu na mchunga, mboga ambazo nilizila utotoni nikaziacha nilipopata mshahara, na uchungu wake ukapendwa na watoto kuliko nilivyotarajia.

Viwili alivyokuwa akivifanya nilimwomba avibadilishe. Magadi, ambayo hulainisha majani haraka, yana sodiamu kama chumvi na huharibu baadhi ya vitamini, kwa hiyo mtu mwenye shinikizo hana sababu ya kuyatumia. Alikubali baada ya siku mbili za kutafakari. Lingine ni mfuniko wa sufuria ya kisamvu: majani ya muhogo yana kemikali inayotoa sianidi, ambayo huondoka yanapotwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi. Niliona mtu kwenye simu akisaga kisamvu kibichi ili anywe, na naomba kwa dhati kwamba asiigwe na yeyote.

Leo sahani yangu ina nusu mboga na matunda, robo ugali, robo nyama, samaki au maharage. Wastani wetu umefika gramu 350 kwa mtu kwa siku, na siku za matunda mengi tunapita 400. Gharama ya mboga imepanda kutoka shilingi 1,000 hadi 3,000 kwa siku, na tulifidia kwa kupunguza nyama kutoka siku sita hadi tatu kwa wiki. Shinikizo langu la mwezi Desemba 2023 lilikuwa 132 kwa 84, na limekaa karibu na hapo. Dawa zangu nazimeza kila asubuhi. Daktari alipunguza dozi mara moja tu, yeye mwenyewe, baada ya kunipima mara tatu, na sitarudia kumwamulia. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, hasa warfarin, azungumze na daktari kabla ya kuongeza majani kwa wingi, kwa kuwa potasiamu iliyomo inaweza kumzidi mwenye figo dhaifu, na vitamini K hubadilisha nguvu ya dawa hiyo.

Jambo lililochelewa kuniingia akilini ni maji ya gengeni. Mama ninayenunua kwake, ambaye ni mkubwa kwangu na ninamwamkia shikamoo, hunyunyizia mboga zake maji kila nusu saa ili zisinyauke kwa jua, kutoka kwenye ndoo iliyokaa wazi chini ya meza tangu asubuhi. Nilipitisha wiki nyingi nikiona haya kumwambia. Siku niliyomsimulia habari ya binti yangu, alikaa kimya, akaitazama ile ndoo, akasema, "Mwalimu, maji ya dumu nanunua. Nikibadilisha mara nne kwa siku, faida yangu imekwisha." Sikuwa na hoja ya kumpinga. Tuliongea majirani sita tunaonunua kwake, na tangu Januari kila mmoja wetu, kwa zamu yake, humpelekea asubuhi dumu moja la lita 20 lililojazwa maji safi, lenye mfuniko. Zamu yetu ni Jumanne na Jumamosi. Jumamosi binti yangu ndiye anayesukuma kitoroli, na akifika huosha kata ya kunyunyizia kwanza, ndipo anamkabidhi.